Pigo moja, karata mbili: nani anapanga hesabu?

Jumamosi iliyopita tulitoa jibu lisilo sahihi hewani, na jibu hilo limemnyang'anya kijana wa miaka 13 karata yake. Tunaomba radhi. Makala haya yana kazi mbili: kusahihisha kosa letu, na kueleza kwa kirefu jambo ambalo redioni tulilipa dakika tatu tu, katikati ya taarifa ya hali ya hewa na salamu za wasikilizaji.

Swali lilitoka kwa mama mmoja, mwenyeji wa mkoa wetu, ambaye sasa anaishi Minnesota, Marekani. Anatusikiliza kwa intaneti. Kwetu jioni, kwake asubuhi. Ana wanawe wawili, wa miaka 16 na 13, na wote wanacheza Magic: The Gathering. Kwa wasioujua, huu ni mchezo wa karata za kukusanya. Uliobuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, ulianza kuuzwa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Kila karata ina maandishi yake, na maandishi hayo ndiyo sheria ya karata hiyo. Kila mchezaji anaanza na uhai 20. Ukifika 0, umeshindwa.

Ndugu hawa waliwekeana dau. Miaka ya mwanzo kanuni zenyewe ziliruhusu hilo: kila mmoja anaweka karata moja pembeni, na mshindi anazichukua zote. Utaratibu huo uliachwa zamani, na kwenye mashindano hauruhusiwi, lakini vijana waliusikia mahali wakaufufua sebuleni. Mdogo aliweka karata iitwayo Searing Spear Askari. Si karata ya gharama. Ilitoka mwaka 1996 katika toleo la Mirage, ambalo bara lake la kubuni, Jamuraa, lilichota sura na majina mengi kutoka Afrika. Humo mna askari wawili, na mna kiumbe mwingine anayeitwa Shauku. Kijana aliipenda kwa sababu ni karata yake pekee yenye neno ambalo bibi yake angelielewa bila kutafsiriwa.

Sasa mchezo wenyewe. Mdogo alikuwa amebakiwa na uhai 9. Kaka mtu alikuwa na karata mbili mezani. Ya kwanza ni Torbran, Thane of Red Fell, ya mwaka 2019. Hii inasema kwamba chanzo chekundu cha mwenye Torbran kikitaka kumpiga mpinzani, au kitu cha mpinzani, pigo linaongezwa 2. Ya pili ni Furnace of Rath, ya mwaka 1997. Hiyo inasema chanzo chochote kikitaka kumpiga mtu au kitu, pigo linakuwa mara mbili. Kisha kaka akatupa Lightning Bolt, karata nyekundu inayopiga 3, akamlenga mdogo wake.

Kaka akapiga hesabu: 3 ongeza 2 ni 5, mara mbili ni 10. Mdogo ana 9, basi kafa. Mdogo naye akapiga yake: 3 mara mbili ni 6, ongeza 2 ni 8. Nimebakiwa na 1, bado nipo! Hesabu zote mbili ni sahihi ukizikagua kwa kalamu. Mama alipotenganisha ugomvi akaziweka karata za dau kwenye droo ya jikoni, akatuandikia.

Sisi tukajibu kwamba kaka ndiye mshindi. Tulidhani karata hufanya kazi kwa mpangilio zilivyowekwa mezani, na Torbran alitangulia kuwekwa. Ilikuwa dhana tu, hatukufungua kitabu. Kabla kipindi hakijaisha msikilizaji mwingine, aliyeko Uingereza, akatutumia ujumbe mfupi sana: "Someni kanuni ya 616." Wakati huo mama alikuwa ameshafungua droo na kumkabidhi mkubwa karata zote mbili.

Tumeisoma. Kanuni kamili za mchezo huu ni kitabu cha zaidi ya kurasa 200, na lugha yake inafanana na mkataba wa kuuza shamba. Lakini sehemu hiyo ya 616, ukiipunguza manyoya, inasema hivi: ikiwa karata mbili au zaidi zinataka kubadilisha tukio lile lile, anayechagua ipi itangulie ni yule anayeguswa na tukio hilo. Pigo likimlenga mchezaji, anachagua mchezaji anayepigwa. Likimlenga kiumbe, anachagua anayemmiliki kiumbe huyo kwa wakati huo.

Yaani anayepigwa ndiye anayepanga hesabu. Mpigaji hana kauli hapo, hata kama karata zote mbili ni zake. Nani alitangulia kuweka nini mezani, hilo halina uzito wowote katika jambo hili.

Kwa hiyo mdogo alikuwa na haki ya kuchagua Furnace kwanza na Torbran baadaye. Pigo ni 8. Alibaki na uhai 1.

Hapa tutulie kidogo, maana wasikilizaji kadhaa walituandikia wakisema jambo hili lina jibu rahisi zaidi: MAGAZIJUTO. Waliosoma shule ya msingi Tanzania wanaikumbuka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Unazidisha kabla ya kujumlisha, basi 3 mara 2, ongeza 2, ni 8. Jibu limeangukia pale pale. Ila limeangukia kwa bahati. Mezani hapana MAGAZIJUTO, na mfano mmoja unatosha kuonyesha.

Tuseme mdogo alikuwa na Healing Salve mkononi. Hii ni karata ya toleo la kwanza la mwaka 1993, rika moja na Lightning Bolt, na moja ya kazi zake ni kumkinga mtu na pigo la 3 linalofuata katika zamu hiyo. Angeitupa kabla Bolt haijamfikia, pigo lingekuwa na karata tatu zinazoligombea: moja inaongeza 2, moja inazidisha mara mbili, moja inatoa 3. Kwa mpangilio wa shule, kutoa kunakuja mwisho kabisa: 3 mara 2 ni 6, ongeza 2 ni 8, toa 3 ni 5. Mpangilio mbaya kuliko yote kwake ungekuwa kuongeza, kuzidisha, kisha kutoa: 5, kisha 10, kisha 7. Lakini mdogo, kwa kuwa ndiye anayechagua, angeanza na kinga. 3 toa 3 ni 0. Na likishakuwa 0, pigo halipo tena. Torbran haongezi 2 juu ya kitu ambacho hakipo, wala Furnace haina cha kuzidisha. Kutoka 7 hadi 0, kwa karata zile zile, kwa kubadilisha tu ipi itangulie.

Ndiyo maana tunasema kosa letu halikuwa dogo. Haikuwa tofauti ya pointi mbili. Tulimpa mtu asiyehusika mamlaka ya mtu mwingine. Kwa maoni yetu kanuni hii ina haki ndani yake. Mpigaji ameshachagua wakati wa kupiga, amechagua silaha, amechagua wa kumpiga. Kupanga hesabu ndilo jambo lililobaki kwa anayepokea.

Si kila mara, lakini. Zipo karata zinazoiondoa kinga kwenye meza. Skullcrack, ya mwaka 2013, nayo inapiga 3, na inatangaza kwamba katika zamu hiyo pigo halikingiki. Kaka angetumia hiyo badala ya Bolt, kinga ya Healing Salve isingefaa kitu, na njia bora ya mdogo ingekuwa ile ile ya 8.

Jambo la pili lililotuponyoka hewani ni kwamba tuliyazungumzia haya kama mapigo matatu yanayofuatana: kwanza 3, kisha 2, kisha tena. Sivyo. Ni pigo moja, na karata hizi zinalibadilisha kabla halijatua. Mchezaji hashuki kutoka 9 hadi 6 halafu hadi 4. Anashuka mara moja, kutoka 9 hadi 1. Na kila karata inapata nafasi moja tu juu ya pigo hilo. Mama alituuliza, kwa busara kabisa, kwamba ikiwa Furnace inazidisha kila pigo, basi likishazidishwa si ni pigo jipya, lizidishwe tena, na tena, hadi asubuhi? Hapana. Furnace moja, mara moja. Ziwepo Furnace mbili mezani, kila moja itapata nafasi yake: Bolt ya 3 inakuwa 6, kisha 12. Zikiwa tatu inakuwa 24, na hapo hata aliyeanza mchezo sasa hivi na uhai wake wote 20 anazikwa na karata moja.

Sasa neno lenyewe, maana hapa Kiswahili chetu cha redioni kilituchanganya. Sisi tulisema "kupunguziwa uhai" kwa kila kitu. Karata hazisemi hivyo. Zinatofautisha pigo na kupoteza uhai. Pigo likimpata mchezaji, kwa kawaida anapoteza uhai kwa kiasi hicho. Hilo ni tokeo la pigo. Lakini zipo karata zinazosema tu kwamba mpinzani apoteze uhai 2, bila kumpiga. Hapo Furnace hailii, Torbran haamki, na kinga ya Healing Salve haisaidii chochote, kwa sababu hakuna pigo lililotokea. Anayetaka kuwaamua vijana mezani na aanze na swali hilo kabla ya kushika kalamu: karata hii inapiga, au inapoteza?

Tofauti hiyo hiyo iko kwenye karata iliyowekwa dau. Yule Askari ana nguvu 2 na uimara 2, yaani anapiga 2, na likimpata pigo la 2 anakufa. Ana na ujuzi wa kushambulia kwa ubavuni: kiumbe asiye na ujuzi huo akimzuia, anapunguziwa nguvu 1 na uimara 1 hadi mwisho wa zamu. Azuiwe na Grizzly Bears, dubu wa kawaida wa 2 na 2, dubu huyo anakuwa wa 1 na 1. Anampiga Askari 1, Askari anasimama. Askari anampiga 2, dubu anakufa. Kule kupunguziwa si pigo. Hakukingiki kwa karata ya kukinga pigo, na hakuzidishwi na Furnace.

Viumbe wana jambo lao jingine ambalo wachezaji wapya hulisahau: pigo linakaa juu ya kiumbe hadi mwisho wa zamu, kisha linafutika. Kiumbe mwenye uimara 4 akipigwa 3 haonekani amefanywa kitu, lakini ile 3 bado iko juu yake; 1 nyingine kabla zamu haijaisha inamtosha. Zamu ikiisha anaamka mzima. Chukua tena dubu wetu, mwongezee Giant Growth, karata ya kumpa nguvu 3 na uimara 3 zaidi hadi mwisho wa zamu. Sasa ni wa 5 na 5. Apigwe 4. Wengi wanadhani Giant Growth ikimtoka atarudi kuwa wa uimara 2 akiwa na pigo la 4 mwilini, afe. Hafi. Kanuni inafuta mapigo na nyongeza za zamu kwa wakati mmoja, na dubu anarudi msituni.

Turudi kwa Torbran, kwa sababu baada ya kipindi kaka mtu mwenyewe alituandikia (kwa Kiswahili kizuri, tunampongeza) akiuliza ni karata ipi kati ya zile mbili yenye nguvu zaidi. Jibu linategemea pigo linavyokuja. Arc Lightning, ya mwaka 1998, ina pigo la 3 ambalo mtumiaji anaweza kuligawa kwa walengwa hadi watatu. Akiwa na Furnace peke yake, kugawa hakumwongezei kitu: 3 kwa mmoja inakuwa 6, na 1 kwa kila mmoja wa watatu inakuwa 2, 2 na 2, jumla ile ile 6. Akiwa na Torbran peke yake mambo yanageuka. Pigo la 3 kwa mmoja linakuwa 5. Likigawanywa 1, 1 na 1 kwa mpinzani na viumbe wake wawili, kila mmoja anaongezewa 2, wanapigwa 3 kila mmoja, jumla 9. Kuongeza kunapenda mapigo mengi madogo, kuzidisha hakujali. Kwa hiyo anayemiliki Torbran na atafute karata zinazotawanya.

Na angekuwa na zote mbili, kama siku ile? Basi tena ni zamu ya wanaopigwa kuchagua, kila pigo kivyake. Kila 1 inakuwa 4 kwa mpangilio wa mdogo, si 6 kama kaka angependa.

Mapambano ya viumbe yana mtego wake, na huu umewahi kutukamata sisi wenyewe tulipokuwa tukijaribu mchezo huu studio baada ya saa za kazi. Wapo viumbe wanaokanyaga: wakizuiwa, pigo linalozidi la kumuua mzuiaji linapita hadi kwa mchezaji. Tuseme mshambuliaji ana nguvu 5, mzuiaji ana uimara 4, na Furnace iko mezani. Tulihesabu hivi: kwa kuwa Furnace itazidisha, 2 zinatosha kumuua mzuiaji, basi 3 zipite. Haikubaliki. Wakati wa kugawa pigo, kanuni inataka ugawe kana kwamba hakuna karata itakayolibadilisha njiani. Lazima 4 ziende kwa mzuiaji, na 1 ndiyo ipite. Kisha Furnace inafanya kazi yake: mzuiaji anakula 8, mchezaji 2. Lakini mshambuliaji akiwa pia na mguso wa mauti, yaani pigo lake lolote kwa kiumbe linaua, hapo 1 tu inahesabika kuwa imetosha, na 4 zinapita. Tofauti ni kwamba mguso wa mauti unabadilisha maana ya "kutosha", haubadilishi ukubwa wa pigo.

Tuguse kwa haraka karata zinazomlisha mwenyewe uhai kwa kiasi cha pigo lililotolewa. Zinahesabu pigo lililofika, baada ya mabadiliko yote. Likizidishwa, unalishwa zaidi, na likikingwa lote, hulishwi kitu. Kiumbe akipewa ujuzi huo mara mbili haumlishi mwenyewe mara mbili. Zamani ilikuwa hivyo, hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2009, kwa hiyo ukikutana na mchezaji wa enzi hizo anayeng'ang'ania kulipwa mara mbili, usimwite mwongo. Kumbukumbu yake ni sahihi ila imepitwa na wakati.

Sasa, mama yetu wa Minnesota. Uliuliza nani apewe karata, na tulikujibu vibaya. Jibu sahihi si kuitoa kwa mkubwa na kumpa mdogo pia, kwa sababu mdogo hakushinda, alinusurika tu. Dau lirudi pembeni, na mchezo uendelee pale ulipoishia: mdogo ana uhai 1, Lightning Bolt imekwenda kwenye rundo la zilizotumika, Torbran na Furnace ziko mezani, na bado ni zamu ya kaka mtu. Ulituambia yeye amebakiwa na uhai 5. Akimaliza zamu bila kupata karata nyingine ya kumpiga, na amtazame sana mdogo wake anapochota karata inayofuata, kwa sababu Torbran anamtumikia kaka peke yake lakini Furnace of Rath haina mwenyewe. Inazidisha pigo la yeyote aliyepo mezani, na mdogo akichota chochote kinachopiga 3, hiyo ni 6.